Kaka Yangu, Mpishi wa Programu

Simu ilinikuta uani nakung'uta shuka. Alikuwa mfanyakazi mwenzake kaka, yule tuliyezoea kumwita Mtani.

"Dada, kaa kwanza," akasema.

Sikukaa. Moyo wa kaka ulikuwa umesimama akiwa kazini, na madaktari walishindwa kumrudisha. Nilisema tu, "Ee Mungu, mpokee."

Waliokuja kutupa pole waliuliza alikuwa anafanya kazi gani hasa. Kaka aliandaa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha. Wataalamu huziandika, yeye alizipitisha kwenye kompaila, inayoyageuza maandishi hayo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, kisha akazifunga vifurushi vya kupakuliwa bure. Nyumbani tuliita kazi hiyo kupika. Kompyuta ikianza kuvuma, mama alitangaza, "Mtu asiguse pasi, mwanangu anapika!" Umeme wetu haukuvibeba vyote viwili.

Ubishi wake na Mtani ulihusu moto, yaani bidii ya kompaila katika kupika. Ukiiamuru kompaila itafute kila njia ya mkato, programu hutoka nyepesi, lakini unaisubiri kutwa kucha. Ukiiambia ifanye haraka, hutoka upesi ila inajikokota. Kaka alipenda moto wote, kila mara.

Kisha programu ya kuwasomea wasioona maandishi ya kwenye skrini ikapata kasoro, ikawa inanyamaza katikati ya sentensi. Mwalimu mmoja asiyeona akamwandikia kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, na bila sauti ile hawezi kuandaa masomo. Marekebisho yalikuwa tayari, kilichobaki ni kupika. Kaka akawasha moto wote. Kazi ilipokaribia kwisha, shangazi, aliyekuja kututembelea, akachomeka pasi. Kompyuta ikazimika.

"Jamani, nimeua nini?"

"Sauti ya Mwalimu," kaka akajibu. "Ila gauni lako litanyooka, shangazi."

Sisi tulicheka. Kaka hakucheka. Muda wa kurudia vile vile haukuwepo tena.

Mtani akapiga simu. "Pika haraka bwana! Afadhali imsomee polepole kuliko asisikie kitu."

"Kompyuta yake kuukuu, we Mtani. Itasema kama mlevi."

Alipokata simu akaanza kupima ni wapi hasa programu inafanya kazi ngumu. Akakuta ni sehemu ndogo tu, ile inayotengeneza sauti yenyewe. Hiyo akaipa moto wote. Menyu na mengine yote akayapika haraka. Jumapili tuliporudi kutoka kwenye ibada, kifurushi kilikuwa tayari. Mwalimu akajibu kwamba inasoma vizuri, haikwami, na kesho anaingia darasani. Kaka alipiga magoti palepale sebuleni akashukuru.

Tangu hapo wenzake wote wanapima kwanza, ndipo wanaongeza moto panapostahili. Mtani ameshika nafasi yake, na vifurushi vinatoka. Hilo linanipa nguvu.

Tulimzika Alhamisi asubuhi. Mwalimu alikuja ameshikwa mkono na mkewe, akaomba pamoja nasi. Mtani, shemeji yangu na wajomba wawili walishusha jeneza kwa kamba. Mama alitupia udongo wa kwanza, mimi nikafuata. Kaburi lilipojaa tuliimba, tukaweka maua, tukamshika mama mikono, tukaondoka.