Siku Moteri Ilipobebwa Mabegani

Mume wangu alilipenda lile basi lake dogo kuliko alivyonipenda mimi. Sisemi kwa wivu, nasema nilichokiona. Siku moteri, ile injini yake, ilipokufa njiani, akitokea Ngagara na abiria, alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba, akaliingiza basi kwenye garaji yetu ya mabati pale uani, akabaki kwenye kiti cha dereva mpaka chakula kikapoa. Nilipofiwa na baba yangu alikaa nami vizuri tu, sikatai. Lakini alikula.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, miaka ile ya vita ambayo sisi watu wa mjini tuliiita krizi, kama vile ni homa, ukinywa dawa inashuka. Basi lile ndilo lililotulisha. Liliponyamaza, mume wangu aliamka kila asubuhi, akavaa viatu, akakosa pa kwenda. Akawa anazunguka uani akigusa vitu. Jamani, mwanaume asiye na kazi msimtamani nyumbani! Anafunua masufuria. Anauliza kwa nini maharage yana maji mengi. Anapanga kuni zilizokwisha pangwa.

Siku moja akarudi kutoka msikitini uso unamng'aa. Mfanyabiashara mmoja wa Asiatique, mtaa wa Wahindi, alikuwa amepokea moteri iliyokwisha tumika, imepanda meli kutoka Kigoma, nzima, na walikuwa wameelewana. Kesho yake angeifuata. Kesho! Na tangu juzi bunduki zilikuwa zinalia upande wa Cibitoke.

"Baba, ngoja kidogo mambo yatulie," nikamwambia.

"Yatulie lini? We ulishaona yametulia? Mi nikingoja, mwengine ataibeba."

"Na wewe ukibebwa?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya cha kupuuza, cha kunifanya nitamani kumrushia kikombe. Asubuhi akanywa chai yake, akachukua rafiki zake wawili mafundi, akaniambia adhuhuri itamkuta nyumbani, na akatoka. Mimi sikumwitikia. Nilikuwa nimenuna.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikapakua chakula, nikakifunika. Nikafagia uwanja. Ukiniuliza kwa nini niliufagia tena baada ya hapo, sijui. Mikono ilikuwa inataka kazi. Nikatoka mlangoni, nikatazama barabara, nikarudi. Nikafua shuka safi. Kila gari iliyopita mtaa wa mbele moyo ulinipanda, na ilipopita bila kusimama ukashuka, hata nikawa nayatukana magari ya watu wasionijua.

Halafu bunduki zikaanza tena, na mara hii hazikuwa mbali. Zililia ng'ambo ya mto, zikanyamaza, zikalia. Watu wakaanza kufunga maduka nusu nusu, mlango mmoja wazi mwingine umefungwa, kama tulivyozoea. Alasiri ikafika. Saa ya kila mtu kuwa ndani, ile waliyoita kuvrefe, ilikuwa inakaribia na mimi sina mume. Nikajiambia amejificha kwa mtu. Nikajiambia moteri imekataa kupanda gari. Nikajiambia mengi, nikachukua tena ufagio.

Jirani wa upande wa pili akachungulia juu ya ukuta. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, kuna jeneza inakuja huku kwetu."

"Inakwenda kwa nani?"

Kichwa chake kikazama nyuma ya ukuta. Nikakimbia mlangoni. Watu walikuwa wanakuja wamejaa njia nzima, wanaume peke yao, hatua zao za haraka haraka kama wanavyokwenda na maiti, na wengi wanasema kwa pamoja, "La ilaha illa Llah." Juu ya mabega, kitu kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nikatafuta uso wa mume wangu kati ya waliobeba. Sikuuona. Nikawaona wale mafundi wawili waliotoka naye asubuhi, mmoja shati limechanika begani, na yeye simwoni. Kichwa cha msafara kikapita mlango wa kwanza, kikapita wa pili, kikageukia kwangu.

Yarabi, ile sauti iliyonitoka sikuijua. Nikaanguka. Aliyenidaka alikuwa jirani yangu mwingine, tuliyepakana ukuta kwa ukuta, mke wa seremala. Akanishika kiunoni akaniingiza ndani. Wanawake wakamiminika kwenye uwanja wangu. Nani aliwaita? Kwetu hawaitwi. Kilio kikipigwa, kila mmoja anachomoa mkeka wake anakuja mbio. Mara uwanja umetandikwa, mara mtu kashika sufuria langu, mara mwengine kanifunga kanga kichwani na kuniambia, "Mshukuru Mungu, dada, mshukuru Mungu." Mimi namshukuru vipi? Nilikuwa nimenuna! Mtu kaondoka sikumwitikia hata neno.

Wanaume wakaingia na mzigo wao. "Polepole," wakaambiana. Wakaushusha. Ukagonga chini ngaa! Mlio wa chuma. Watu wakatazamana. Na hapo hapo, kutoka nyuma kabisa ya lile kundi, nikasikia sauti ninayoijua kuliko ya mama yangu:

"Weee! Chungeni karteri! Mutavunja karteri!"

Karteri ni lile bakuli la mafuta chini ya moteri. Marehemu wangu alikuwa anagombea bakuli la mafuta.

Alipenya katikati ya watu, jasho tupu, vumbi mpaka kwenye kope. Hakunitazama mimi kwanza. Alipiga magoti akafunua kile kitambaa akaipapasa moteri yake chini, hapa na pale, akasema "alhamdulillahi" kwa pumzi ndefu. Mimi nikamwendea. Watu walidhani nakwenda kumkumbatia. Nikampiga. Nilimpiga kwa ngumi mgongoni, kichwani, popote, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, nikilia na kumwambia "mjinga we, mjinga we," na yeye anajikinga, "Mama, ni nini? Nimefanya nini mi?" Hakuwa na habari kwamba amekwisha kufa.

Ikabidi aeleze. Pikapu waliyoikodi iliwafikisha mwanzo wa Buyenzi, bunduki zikalia, dereva akasema yeye ana watoto. Akawashushia moteri barabarani akageuza. Kuiacha pale ni kuipoteza. Fundi mmoja wa rangi akawaazima ngazi yake ya mbao, wakaifunga moteri juu yake kwa kamba. Fundi cherehani akawapa rido za kijani, mapazia ya watu alizokuwa anashona, waifunike, macho mabaya yasiione. Wakainyanyua mabegani, wao watatu na yule fundi wa rangi. Nzito! Hatua chache tu roho zikawatoka. Mbele yao mzee mmoja wa duka la sukari akaona ngazi, akaona kijani, akavua kandambili zake nje ya duka, akaja akaweka bega. Na nyuma yake mwengine. Na mwengine.

"Si ungewaambia!" nikamfokea.

"Niwaambie na pumzi gani? Na walikuwa wanakuja wenyewe, wananisukuma nyuma, 'pokea thawabu nasi tupokee.' Mi nikajikuta mwisho kabisa, naifuata moteri yangu kama mfiwa."

Ndivyo tulivyo. Jeneza likipita hakuna anayeuliza ni la nani. Bega kwanza, kuuliza baadaye. Na miaka ile hasa watu waliogopa kuuliza, maana jibu lilikuwa linaweza kuwa mtu wako.

Yule mzee wa sukari alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Mumetuchezea dini!" Kijana mmoja mwenye mabega ya kazi akasema kweli alishangaa njiani, alijiambia huyu marehemu alikuwa mutu ya kula sana. Mtu akacheka puani. Mwengine akashindwa kujizuia. Kicheko kikaenea uwanjani, kikafika kwa mafundi, na mzee wa sukari akapambana nacho mdomoni mpaka kikamshinda, akajifuta macho kwa kofia yake. Nikacheka na mimi huku kamasi zinanitoka. Haki, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Basi tumeishaibeba, tuimalize," mzee akasema. Wakaweka vipande vya tiyo, mabomba ya chuma, chini ya ngazi ili iteleze juu yake, wakasukuma. Wa mbele anavuta kamba, wa nyuma anaokota tiyo lililoachwa na kulikimbiza mbele. Mume wangu alikuwa anawaamrisha kama bwana harusi. Moteri ikaingia garajini, ikakaa karibu na pua ya basi. Wanaume wakanawa mikono kwa sabuni ya omo, wakatupiana utani wa mwisho mwisho, wakaanza kutafuta viatu vyao. Wanawake wakakunja mikeka, wakitaniana kwamba safari ijayo nihakikishe kwanza kabla ya kupiga kelele.

Mkeka mmoja haukukunjwa. Yule mke wa seremala alikuwa ameukalia, miguu ameinyoosha, kanga kaivuta mpaka kwenye macho. Mume wake alikuwa amekwenda Cibitoke kufuata mbao, kabla ya mvua za mwaka uliotangulia. Hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemleta, hakuna aliyetuma neno. Hatukumkalia matanga, na yeye hakukaa eda. Ukimuuliza habari za mume wake alisema, "Yuko safari." Na sisi sote mtaani, kwa huruma na kwa woga, tukawa tunasema yuko safari.

"Dada, inuka, kuvrefe hiyo," nikamwambia.

"Apana."

Nikadhani amepatwa na kizunguzungu. Nikachuchumaa mbele yake. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, yanalowesha mikono yake aliyoiweka wazi juu ya mapaja.

"Mikeka imeishatandikwa," akasema. "Watu wameishakuja. Wangu hawatanileteaka hata hivi. Niachieni leo nimulilie hapa hapa kwako."

 Nikakaa kando yake. Mama mmoja akakunjua mkeka wake tena, na mwengine. Mume wangu alitoka garajini na spana mkononi, akatuona, akaiweka chini juu ya tofali pasipo kugonga.

Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni, viatu miguuni. Mzee wa sukari alitazama jua limefika wapi, akatazama njia ya kwake. Akavua tena kandambili. Akaja akakaa kwenye ardhi tupu, na wengine wakamfuata.

"Tumuombee nani, mama?" akamuuliza taratibu.

Yule mwanamke akafunua uso. Akataja jina la mume wake, na mbele ya jina, kwa mara ya kwanza, akaweka neno marehemu.