Nilivyofuta vipimo vya wateja wa shangazi kwa amri moja ya sync

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kigali, sijaongeza chumvi.

Shangazi yangu, Mama Asha, ni fundi cherehani mtaa wa Batsinda. Daftari hana. Anaandika vipimo kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, mteja anakishika kifuani, anapigwa picha. Chaki inafutika, picha inabaki.

Simu yake ikajaa. Nikahamishia picha kwenye laptop yangu, nikazipandisha cloud kwa terminal, yaani kwa kuandika amri. (App za kubofya siziamini, sioni zinafanya nini.)

Siku ile akauliza, "Na kama mtu anafuta kwa makosa?"

Nikawasha versioning, yaani cloud itunze nakala hata ya kilichofutwa, ili tu aridhike. Niliona ni kupoteza nafasi.

Baadaye nikasafisha laptop, folda ya picha zake ikabaki tupu. Wiki jana akaniletea picha mpya kumi na mbili. Nikaziweka humo, nikaandika amri ya sync, ya kulinganisha folda na cloud, nikaongeza --delete, nikabonyeza Enter.

Mistari ya "delete" ikaanza kushuka. Nikadhani inaondoa takataka.

Wakuu, ukiweka --delete, cloud inafananishwa na folda yako. Folda ina picha kumi na mbili? Cloud nayo inabaki na kumi na mbili.

Na magauni sita ya harusi ya Jumamosi yalikuwa hayajakatwa. Wenye vipimo wako Bujumbura, wanafika siku yenyewe.

Nilibeba laptop hadi dukani kwake.

"Shangazi, picha za zamani nimezifuta."

Mkasi ukasimama. "Yote?"

"Zote."

"Wewe! Unaniulizaga mpaka kwa nini chumvi naweka mwisho. Hiyo amri hukuiuliza kitu?"

Nikaiweka laptop mezani. Akanisogezea kigoda na chai.

"Kaa. Ile kitu nilikuuliza siku ile, uliiwekaga?"

Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa!

Nikafungua cloud. Picha zilikuwepo, zimefunikwa tu na alama za kufutwa. Nikaziondoa alama hizo, picha zikaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa mmoja wa wale sita, anacheka, kitambaa kifuani.

"Huyu kiuno chake kidogo," shangazi akasema, akashika chaki.

Nilichojifunza: endesha --dryrun kwanza, uone kitakachofutwa. Mimi nahoji kila mtu, lakini kilichotuokoa ni swali la shangazi, lile nililolijibu kwa dharau.

Nani mwingine amewahi kuchomwa na sync? Nisimulieni, nisijione mjinga peke yangu.