Betri za Mechi ya Watani

Mpaka leo nikisikia ligi imesimama kwa ajili ya timu ya taifa, damu inanichemka. Waniite msaliti wakitaka. Klabu yangu nimeirithi kwa mjomba, kuli wa bandarini aliyenilea pale Kariakoo. Timu ya taifa sikuirithi kwa mtu.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mjomba alikuwa hoi kitandani, kifua kimemla, na haja yake ilikuwa moja tu: asikie mechi yetu na watani, wale wapinzani tunaotukanana nao asubuhi na kuzikana jioni. Zikiwa zimebaki siku nne, redio ikatangaza kwamba mechi imeahirishwa kwa wiki tatu, wachezaji wanakwenda kambi ya taifa. Wakubwa waliamua tu. Nani alimuuliza mgonjwa wangu kama wiki tatu anazo?

Nilitukana kutwa nzima gereji nilikofanya kazi, kule mtaa wa Gerezani. Beki wa watani, aliyemvunja mguu winga wetu, leo avae jezi ya taifa nami nimpigie makofi? Na kipa wetu wamrudishe anachechemea, kama mwaka uliotangulia, bila hata pole?

Betri zilikuwa zimeadimika madukani. Mjomba alikuwa nazo nne, zimechoka. Kila asubuhi nilizianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, kisha nikazifunga kwenye kitambaa. Zilikuwa za mechi ya watani, basi.

Jumamosi timu ya taifa ilipocheza, mjomba aliniita.

“Tia betri, tusikilize.”

“Mjomba, hizi ni za watani. Tukizimaliza leo, siku yenyewe tutasikiliza nini?”

“Vijana wetu wawili wamo.”

“Na wa kwao watano. Hao siwapi betri zangu.”

Akanitazama kidogo, akageukia ukutani. Nikatoka barazani na hasira zangu. Mara akatokea fundi cherehani wa Ilala, mtani wa mjomba wa miaka mingi, amevaa shati la rangi za klabu yao. Lile shati lilinimaliza kabisa.

“Shikamoo. Mjomba amelala,” nikamwambia.

“Marahaba,” akajibu, akaondoka.

Mjomba alifariki Jumanne iliyofuata. Msibani fundi alikuja na shati lilelile. Jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni kulizuia, kama watani wafanyavyo kutania msibani.

“Huyu hajafa,” akasema. “Kaikimbia mechi. Alijua tunamfunga.”

Waliokuwa wakilia wakacheka. Mimi nikamkunja shati. Hakujitetea. Aliinuka taratibu, akaninong'oneza:

“Siku ile nilikuja tusikilize taifa. Miaka yote tunasikiliza pamoja. Mechi za klabu tulikuwa hatukai chumba kimoja, tungeuana. Hiyo ya taifa ndiyo pekee tuliyokuwa tunashangilia goli moja.”

Nikamwachia shati. Nikaenda kubeba jeneza, nimekasirika kuliko nilivyoukasirikia utani wake.

Mechi ya watani ikachezwa siku ilipofika. Nilisikiliza peke yangu, kando ya kitanda kitupu. Betri zilidumu mpaka filimbi ya mwisho. Tulishinda, na nilitamani kuibamiza ile redio ukutani.