Mama Foleni na Ndoo Tupu

Wifi yangu akikuambia usubiri, wewe subiri tu. Nimemjua tangu siku kaka alipomleta nyumbani kumtambulisha, na mpaka leo sijaona mtu aliyemshinda kwa maneno. Chuoni wanamwita Mama Foleni. Yeye ndiye msimamizi wa Mtambo, ile kompyuta kubwa iliyo chumba cha chini cha jengo letu, makabati meusi safu mbili, viyoyozi vinavuma kutwa kucha, na ukiingia bila sweta utatoka meno yanagongana.

Mtafiti yeyote mwenye hesabu ambayo kompyuta ya mezani ingehangaika nayo mpaka izeeke huipeleka kwa Mtambo. Mhandisi anataka kujua daraja litayumba vipi lori likipita. Mimi mkemia nataka kujua molekuli zangu zitashikana au zitakimbiana. Profesa wa Mvua, ambaye hata mkewe humwita hivyo, anataka kujua kutanyesha wapi. Wenye hesabu ni wengi na Mtambo ni mmoja, kwa hiyo kuna foleni. Unatuma kazi yako, inakaa nyuma ya kazi za wenzako, zamu yake ikifika inafanyika.

Wifi anakaa katikati ya watu na zamu zao. Meza yake iko mlangoni mwa chumba cha Mtambo, ina skrini mbili, na pembeni kuna kiti cha mgeni kigumu ajabu. Alikichagua mwenyewe, ili mtu asikae sana kubembeleza. Na wanaobembeleza hawaishi.

"Mama, nisogezee kidogo tu."

"Nikusogeze uende wapi? Mbele kuna mtu."

Mimi nilijaribu mara moja. Nilimwendea na ile sauti ya nyumbani, nikamwambia, "Wifi, mimi si mtu wa nje."

"Ndiyo maana wewe utakuwa wa mwisho kabisa," akanijibu, "watu wasije wakasema."

Jioni hiyo nilikwenda kwao, akanipakulia chakula kingi kuliko cha kaka, akaniuliza habari za mwanangu, akanifungia na cha kubeba. Kazi yangu ilibaki palepale.

Lakini wasomi nao hawakosi ujanja. Wengi wetu tumekulia mitaa ambayo maji ya bomba hutoka yanapotaka. Unaweka ndoo yako kwenye mstari, unakwenda kufagia, kusuka nywele, hata kulala, na ndoo inakushikia nafasi. Hakuna anayeihamisha. Sasa watafiti wakauhamishia mtindo huo kwenye Mtambo. Mtu hesabu yake haijakamilika, lakini anatuma kazi tupu, jina tu na ndani hamna kitu, ikae kwenye foleni kwa niaba yake. Zamu ikikaribia, anaijaza hesabu haraka haraka. Akichelewa kuijaza, ile kazi tupu inaingia hivyo hivyo, na Mtambo mzima unakaa umekunja mikono mpaka muda wake uishe. Kazi hizo tuliziita ndoo. Sidhani kuna kitabu cha kompyuta kinachofundisha hilo.

Wifi alizichukia ndoo kuliko panya. Tatizo ni kwamba kazi ikiwa bado kwenye foleni huwezi kujua kama ina kitu au haina, zote zinafanana. Na sheria aliyoiweka yeye mwenyewe inasema hakuna anayegusa kazi ya mwenzake, hata yeye. Akabaki kubandika tangazo mlangoni: NDOO TUPU ZIRUDI NYUMBANI. Watu walilisoma, wakacheka, wakaingia ndani kuulizia zamu zao.

Jambo ambalo wengi chuoni hawakulijua ni kwamba Mama Foleni mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Alianza shahada ya uzamivu zamani, kabla nywele zangu hazijaanza mvi. Kaka ni mwalimu wa shule ya msingi, na darasa lake limeezekwa bati bila dari. Mchana joto linashuka kutoka juu, watoto wanalala macho wazi, na kaka mwenyewe anageukia ubao akiwa amesahau alichotaka kuandika. Mkewe akajiuliza: tukitoboa hapa, tukiinua paa pale, hewa itapita wapi? Akalijenga darasa zima ndani ya kompyuta, akaigawa hewa yake katika vijisanduku vidogo vidogo mamilioni, kila kimoja akikikokotolea joto linakwenda upande gani. Kaka alipenda kutamba mtaani. "Watu wengine hupunga upepo," alikuwa akisema, "mke wangu anausomea."

Aliuacha utafiti huo mara mbili. Kwanza kaka alipopata nafasi ya kurudi chuo cha ualimu, na watoto walikuwa wadogo, na mmoja kati yao wawili ilibidi abaki nyumbani. Halafu mimi nilipokwenda mbali kusomea udaktari wangu wa kemia. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na wifi alimlea pamoja na wa kwake, akamfundisha kusoma, akampeleka kliniki. Nilipoondoka nilikuwa nalia njiani kama mjinga. Yeye alinisukuma mgongoni akasema, "Tangulia. Mimi nipo."

Aliporudi kwenye utafiti wake, muda ulikuwa umemwishia karibu wote. Ofisi ya uzamivu ikamwita na kumwambia wazi: Ijumaa awe amekabidhi tasnifu kamili, la sivyo jina lake linafutwa na hakuna kurudi tena. Tasnifu ilikuwa tayari isipokuwa sura ya mwisho, na sura hiyo ilisubiri hesabu moja kubwa, darasa lililojaa watoto, kila mtoto na joto la mwili wake. Akaituma kwa Mtambo. Ikakaa mkiani mwa foleni.

Niliipitia foleni ile yote. Kwa mwendo wake, kazi ya wifi ingefanyika wiki inayofuata.

"Wifi," nikamwambia, "hiyo wiki huna."

"Najua kuhesabu."

"Basi jisogeze. Ufunguo si unao wewe? Ni amri moja tu."

"Nikijisogeza leo, kesho nitamwambia nini mtoto wa watu atakayekuja kukaa kwenye kile kiti?"

"Utamwambia umeshakuwa daktari."

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, akatazama skrini, na mimi nikamwona macho yamejaa machozi. "Naogopa, wifi," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata alipokuwa anajifungua. "Naogopa sana. Lakini siwezi kufanya hivyo."

Nilipanda ngazi nimekasirika. Sikumkasirikia yeye, niliikasirikia ile foleni. Nikaenda moja kwa moja chumba cha chai, ambako saa hiyo ya asubuhi watumiaji wote wa Mtambo hukusanyika kulalamika kuhusu Mtambo. Nikawaambia yote: darasa la bati, Ijumaa, mkia wa foleni.

Profesa wa Mvua alikuwa anakoroga chai. "Kwani ufunguo hana?"

"Anao."

"Na hajautumia?"

"Hajautumia."

Akaacha kukoroga.

"Sitaki mtu ampishe," nikasema. "Mkimpisha atawarudisha mbele kwa fimbo. Ninachotaka ni kimoja. Kila mwenye ndoo tupu akaichukue ndoo yake."

Watu wazima wale, na shahada zao, wakaangalia ndani ya vikombe. Kisha mhandisi wa madaraja akainua mkono kidogo. "Ya kwangu iko moja." Jirani yake akasema zake mbili. Dada mmoja wa hisabati akasema zake asingependa kuzitaja mbele za watu. Profesa wa Mvua akakohoa.

"Mimi nadhani," akasema, "ninazo kadhaa."

Chumba kizima kikavunjika mbavu, maana kila mtu alijua nusu ya foleni ni ya Profesa wa Mvua.

Wakatawanyika kwenda kwenye kompyuta zao, na kwenye simu yangu nikaiona foleni ikipukutika. Ilikuwa raha tupu kuitazama. Kazi moja inatoweka, nyingine inatoweka, halafu kundi zima kwa mkupuo. Lile kundi ndilo lililoleta kizaazaa. Profesa wa Mvua, ili asichanganyikiwe, alikuwa amezipa kazi zake zote jina la ndoo, tupu na zenye kitu. Kwa ile haraka ya kutubu, alifuta kila kilichoitwa ndoo. Ndani yake kulikuwa na hesabu yake ya kweli, mvua za msimu mzima ujao, aliyoipika kwa miezi.

Nilikutana naye kwenye ngazi akishuka mbio, mkono kichwani. "Nimemwaga mpaka maji," akaniambia, akapita. Nikamfuata.

"Mama," akamwambia wifi, hata pumzi hajavuta, "nirudishie kazi yangu kwenye foleni."

"Nani ameitoa?"

"Mimi."

"Basi umeitoa. Panga nyuma, profesa."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya..." Wifi akageukia skrini. Tangu nilipomwacha alikuwa anahangaika na kiyoyozi kimoja kilichogoma, hakuwa ameitazama foleni tena. Sasa aliiona fupi kama siku za likizo. Mwanzoni nadhani alifikiri Mtambo umeharibika. Kisha akaliona jina lake mwenyewe, na mbele yake kazi moja tu, ambayo ilikuwa inamalizika.

"Nani amegusa foleni yangu?"

Aliuliza kwa sauti ya chini. Nilitamani angepiga kelele.

"Hakuna aliyegusa," nikasema.

"Jana nilikuwa mkiani. Leo niko mlangoni. Na ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Watu watasema nini? Watasema Mama Foleni amewakalisha wenzake miaka yote hii, zamu yake ilipofika akajipitisha." Mkono wake tayari ulikuwa kwenye kibodi. Alikuwa anaandika amri ya kuitoa kazi yake, na mimi nilimjua. Angeitoa. Angeacha jina lake lifutwe huku foleni yake ni safi.

Profesa wa Mvua alivuta kile kiti kigumu akakaa.

"Mama, kabla hujabonyeza, nisaidie jambo moja. Jana mbele yako kulikuwa na nani na nani?"

Wifi akawataja bila kuangalia popote. Anayo foleni yote kichwani.

"Sasa niambie, kati ya hao, nani leo anasubiri nyuma yako?"

Akaitazama skrini. Akaisoma kutoka juu hadi chini, polepole, kisha akairudia. "Hakuna," akasema. "Wengine wameshamaliza. Wengine... wamejitoa wenyewe?"

"Walikuwa hawamo. Zile zilikuwa ndoo, mama. Tumezirudisha nyumbani kama tangazo lako linavyosema, na tungepaswa kufanya hivyo zamani. Mtu pekee uliyempita ni mimi, na mimi nimejitoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya kutojua kuipa kazi jina."

Wifi alijitahidi kukaza uso. Midomo ilimshinda kwanza, halafu mabega, halafu akaangua kicheko kile cha kwake kinachomfanya ashike meza. Profesa naye akaanza. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, hata sioni vizuri. Alipotulia akajipangusa machozi kwa mkono wa sweta, akafuta ile amri herufi moja moja.

"Lakini profesa," akasema, "utapanga nyuma."

"Nimeshapanga, mama."

Kazi ya wifi iliingia kwenye Mtambo kabla ya chakula cha mchana, na matokeo yalitoka siku moja kabla ya Ijumaa. Tuliyaangalia pamoja kwenye skrini. Darasa lilionekana kwa ubavu, wekundu wa joto umejibana chini ya bati, na kutoka kwenye matundu ya chini hewa ya bluu inaingia, inapita juu ya madawati, inawazunguka watoto mmoja mmoja, inapanda na kutokea juu. Wifi aliisogelea skrini, uso wake unang'aa. Kisha akampigia kaka.

"Niko darasani," kaka akasema.

"Najua uko darasani, ndiyo maana nakupigia. Kuna joto?"

"Tunaiva."

"Basi waambie hao watoto kwamba jawabu limepatikana." Akakata simu na kuanza kuandika sura ya mwisho. Ijumaa aliikabidhi tasnifu, na mhuri wakaugonga mbele ya macho yangu.

Siku ya kuitetea, ukumbi ulijaa watu wa Mtambo. Profesa wa Mvua alikaa mstari wa mbele. Mimi na kaka tulikaa pamoja, kaka amevaa koti lililokuwa likimbana tangu alipolinunua. Maswali yalikuwa magumu na wifi aliyajibu yote, mengine kwa hesabu, mengine kwa utani, na jopo likamfurahia waziwazi. Mwishoni mtahini mmoja mgeni, mtu mpole, akafunga tasnifu na kumwambia kwamba kazi ni nzuri mno, ila kuna kitu kinamshangaza. Kati ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho imepita miaka mingi sana. Alikuwa wapi muda wote huo?

Wifi akafikiri kidogo.

"Nilikuwa kwenye foleni," akasema.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Wote walidhani anausema Mtambo. Yeye hakuwa anawatazama. Alikuwa anatutazama mimi na kaka, bila kinyongo chochote, anatabasamu, kama mtu anayeangalia watoto wake wamefika salama.

Sisi hatukucheka. Kaka, mwalimu mkali, alikuwa ameuma midomo na machozi yanamdondokea kwenye koti. Mwenyekiti wa jopo alipomwita Daktari kwa mara ya kwanza, tulisimama kabla ya mtu mwingine yeyote, tukapiga makofi mpaka viganja vikatuuma. Alikuwa mbele yetu sote, peke yake, na hatukutaka mtu yeyote atuambie tukae.