Wimbo wa wabeba tipoyi

Wandugu wa Sake, leo nimepata haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ninabandika karatasi hii hapa sokoni ningali na matope ya njia.

Nilienda Bihambwe kusalimia kaburi la mwami, mufalme wetu wa zamani. Nilivua kofia, nikavua viatu, heshima yote.

Mama muzee mwenye kulinda kaburi akaniuliza: "Papa, ulimujua mwami?"

Munanijua. Mudomo wangu hauna mulango.

"Kumujua? Mimi njo nilimubeba kwenye kiti cha tipoyi, kwa bega hili, mpaka Walikale!"

Mama akaacha ufagio. Akanishika mukono.

"Basi ulimujua mume wangu! Alibeba mbele, njo alikuwa anaimbisha wengine kwenye mulima. Alikufa, na ule wimbo umenitoka kichwani. Papa, niimbie."



Ningeweza kutunga wimbo palepale. Lakini mama alikuwa amefumba macho, anangoja.

"Mama, sikubeba. Nilisimama kando ya njia, nikapiga makofi tu."

Hakunitukana. Alinipa maziwa: "Kunywa, Papa. Umetoka mbali."



Sasa municheke, ni haki yenu. Lakini kama kati yenu iko mwenye alibeba kweli, anitafute kesho asubuhi, tuende amuimbie yule mama.

Mimi nitaonyesha njia tu. Nitanyamaza.