Mawe ya Tochi Juu ya Paa

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme chuoni Nairobi. Vitabu vyangu vilijaa mitambo mikubwa na nguzo za nyaya, na kwetu Lionja hapakuwa na hata waya mmoja. Likizo moja nilimkuta mjomba ameanika mawe ya tochi, yaani betri zilizokwisha, juu ya paa la nyasi, kama watu wanavyoanika muhogo. Nikachukia. Mwaka mzima natoa jasho kwa hesabu za umeme, halafu nyumbani umeme unaanikwa!

“Mjomba, hayo yamekufa. Jua haliwezi kuyafufua.”

Nikachukua kijiti, nikamchorea ardhini vitu vilivyomo ndani ya jiwe la tochi. Akatazama mchoro, kisha akayatazama tena mawe yake paani, nami nikazidi kupata hasira. Nikayateremsha, nikayatupa jalalani.

Hakugomba. Aliyaokota, akayafuta kwa shuka yake, akayarudisha juani. Kesho yake alasiri aliyatia kwenye tochi ya kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe. Ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka. Akanimulika usoni mchana kweupe, akaniuliza kwa upole:

“Kwani huko chuoni hawawafundishi kuanika?”