Anarudi au Anarudishwa

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye imani haba na wenye hirizi kiunoni: mtaani kwetu, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani, anaishi mtu aliyeunguza majeshi, akakausha mito na kuwageuza wafalme kuwa vyura. Mchana hula mkate na chai. Tunamwita Mganga wa Karatasi.

Kazi yake ni kuandika vitabu vya kanuni za ule mchezo wa mezani ambamo watu wazima wenye akili zao, au waliokuwa nazo, hurusha dadu na kujifanya mashujaa. Yeye huandika sehemu ya uchawi. Msidhani ni kazi ya kuota ndoto. Kila uchawi lazima ueleze unafika umbali gani, unadumu muda gani, unahitaji maneno ya kutamka au hauhitaji, na anayepigwa nao anafanywa nini. Ukiacha tundu, wachezaji watapita kama panya. Aliwahi kuandika kwamba uchawi wa usingizi "unalaza kila aliye chumbani". Mchezaji mmoja akawalaza wenzake wote, akabeba hazina, na kanuni zikawa upande wake.

Aliyekuwa akiziba matundu hayo ni mkewe, mtaalamu wa maabara, mwenye macho yaliyozoea vijidudu. Alikuwa akisoma kila uchawi amesimama mlangoni, mswaki mdomoni, kisha anasema, "Hapa, bwana mkubwa, napita." Halafu akapata kazi ya mkataba ng'ambo ya mpaka. Mganga alimbebea sanduku mpaka kituoni, akamtakia kazi njema. Basi. Mtu anayemaliza kurasa mbili akieleza mpira wa moto! Kandambili za mkewe zingali mlangoni, na akipiga deki huzizunguka, hazisogezi.

Mwezi huu mkataba ulikwisha, mkewe akapewa mwingine asaini. Alipiga simu kumuuliza mumewe anaonaje. Mganga akajibu kwamba uamuzi ni wake, akajiona muungwana kweli. Mkewe akahamia habari za mvua.

Tangu siku hiyo akaanza kuandika uchawi ambao hakuna aliyemtuma. Akauita Wito: mtu mmoja umpendaye, popote alipo, anarudi.

Mhariri wake, bibi mmoja asiyecheka hata akitekenywa, akaifuta "anarudi" akaandika "anarudishwa". Desturi ya kazi ndiyo hiyo: anayepigwa uchawi hatendi, hutendwa. Husukumwa, hulazwa, huunguzwa. Mganga, ambaye hajawahi kubishana naye hata kwa nukta, akagoma. Akasema kinachorudishwa ni barua iliyokosa anwani. Mhariri akamjibu kwamba basi huo si uchawi, ni matumaini, na matumaini hayana ukurasa.

Sisi tunaocheza mezani kwake tukamshauri ampelekee mkewe, aliyezoea kuziba matundu. Jumamosi, tukiwa tumeizunguka meza, akampigia mkewe, akaweka simu katikati ili wote tusikie, akamsomea Wito mwanzo hadi mwisho.

"Anarudi ni sawa," mkewe alisema. "Huyo bibi mwache. Ila kwenye maneno ya kutamka umeandika nini?"

"Hayahitajiki."

"Kwa hiyo mganga amekaa zake, kafumba mdomo, na mwenzake atoke tu huko aje. Atajuaje kama anaitwa?"

Mganga akavuta kalamu apasahihishe.

"Usiandike," ile sauti ikasema. "Tamka."

Akatutazama. Sisi tukakodolea macho dadu kana kwamba zimeota nywele. Akainyakua simu, akaingia nayo jikoni na kusukuma mlango, mlango ambao, Mungu ambariki seremala mzembe, haufungi vizuri. Tukasikia kikohozi. Tukasikia sufuria ikianguka. Kisha neno moja, la chini, lenye kutu ya kukaa kifuani: "Rudi."

Alipotoka alitukuta tumesimama kama wageni wa harusi, nami nimeshaandaa tangazo la mtaa mzima. Nikamuuliza mkewe kasemaje.

Mganga akaketi, akasogeza dadu apate pa kuweka kikombe.

"Hajasaini," alisema. "Anasema kwa rasimu ya kwanza, si mbaya."